HEDHI NA KUOGA BAHARINI: LILILO SHARIA NA LILILO ADA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu waume na wake, likizo za skuli na siku za Idi zikifika, watu wa Likoni hushuka Shelly Beach, watu wa Kisauni huelekea Nyali na pwani ya umma ya Jomo Kenyatta kule Bamburi, ile iitwayo Pirates, na watu wa Changamwe huvuka Makupa pamoja na watoto wao kuifuata bahari. Jambo hili ni mubaha na lina furaha ndani yake, madamu stara imehifadhiwa na sala haikupotezwa. Lakini katika kila jamaa huwako binti mmoja au wawili wakaao mchangani na nguo zao zote, wakilinda viatu na vikapu vya wenzao. Mmoja wao akiulizwa mbona haingii majini, hujibu kwamba kichwa chamuuma. Mamake ajua sababu, dada zake wajua, na ndugu zake wa kiume huanza kutazamana na kucheka.

Katika darsa zetu mas-ala haya huletwa mara kwa mara, na aghlabu huletwa kwa kunong'onezwa: Je, mwanamke aliye katika hedhi yafaa kuingia baharini kuoga au kuogelea? Na damu ikimkatikia huko huko pwani, je, josho lake laswihi kwa maji ya bahari? Tumeona ni wajibu kuyajibu kwa uwazi, kwani elimu inongʼonezwayo mara nyingi hufika nusu, na nusu ya elimu katika mambo ya ibada ni hatari.

Jawabu kwa ufupi ni hili: yafaa, wala hapana makatazo ya sharia. Bahari haikuharamishwa kwake, wala maji hayakuharamishwa kwake. Kilichomwondokea kwa muda ni sala na saumu na vingine vilivyotajwa na wanavyuoni, basi. Sasa tutaeleza kwa urefu.

HEDHI NI NINI

Mwenyezi Mungu ameitaja hedhi katika Sura ya Baqara, aya ya 222, akabainisha kuwa ni udhia, na akawaamrisha waume wasiwaingilie wake zao mpaka watwahirike. Hapana katika aya hiyo amri ya kumtenga mwanamke na watu, wala na chakula, wala na maji. Walikuwako Madina watu ambao mwanamke wao akiingia hedhini hawakula naye wala hawakukaa naye nyumba moja. Masahaba wakamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akawabainishia kuwa kila kitu chafaa baina ya mtu na mkewe isipokuwa kumwingilia. Habari hii ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Anas.

Bibi Aisha (r.a.) naye amesimulia kuwa alikuwa akimchana Mtume nywele hali ya kuwa yumo hedhini, na kwamba Mtume alikuwa akinywa katika chombo mahali pale pale alipoweka mdomo wake. Lau mwili wa mwenye hedhi ungekuwa najisi, haya yasingekuwa. Basi lililo najisi ni damu, na mwenye damu si najisi. Asiyeipambanua tofauti hii hawezi kuyafahamu yaliyobaki.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, iliyo ghalibu ni siku sita au saba, na wingi wake ni siku kumi na tano. Damu ipitayo siku kumi na tano ni istihadha, nayo ina hukumu yake: mwanamke hujiosha, akajifunga kitu cha kuzuia damu, akatawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati, akasali.

ADA ZISIZO NA ASILI

Husikiwa katika nyumba zetu kwamba mwenye hedhi asioshe kichwa, kwamba asiguse maji ya baridi kwani damu itaganda tumboni, kwamba asishuke pwani kwani papa watainusa damu, kwamba nywele zimtokazo na kucha akatazo azihifadhi hadi siku ya kutwahirika. Wazee walioyasema haya walitaka heri, nasi twawaombea rehema. Lakini mapenzi ya wazee ni jambo moja, na dalili ni jambo jingine. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliutumia umri wake kuwafunza watu wa pwani kuipambanua dini na mazoea. Basi nasi tuyapime haya kwa mizani hiyo.

Ama kuosha kichwa, Bibi Aisha alipoingia hedhini katika safari ya Hija ya Kuaga, Mtume alimwamrisha afungue nywele zake azichane, na akamwambia afanye yote wafanyayo mahujaji isipokuwa kutufu. Na katika safari hiyo hiyo Asma binti Umais alijifungua mtoto, naye akaamrishwa aoge kisha ahirimie, ilhali yumo katika damu ya uzazi. Ikiwa mwenye nifasi wa siku ile ile ameamrishwa kuoga, ni nani wa kusema kuwa maji yamkatazwa mwenye hedhi? Na katika kuchana nywele lazima zing'oke kidogo, wala hatukusikia kuwa Bibi Aisha aliambiwa azihifadhi.

Ama damu kuganda kwa maji ya baridi, matabibu wasema kuwa hapana jambo hilo. Lililopo ni kuwa mwanamke awapo ndani ya maji, uzito wa maji hukinza, na damu huonekana kupungua au kusimama. Haikukatika; akitoka hurudi kama ilivyokuwa. Tafadhali likumbuke neno hili, kwani tutalirejea katika mlango wa josho.

Ama papa, wataalamu wa bahari hawakupata ushahidi wowote kwamba wanawake walio hedhini hushambuliwa kuliko wengine. Na waogao kwetu huoga ndani ya mwamba, mahali pa maji machache. La kuogopwa huko zaidi ni mkondo, na mtu kujitosa penye kina asichokiweza.

JE, BAHARI YATIWA NAJISI?

Huulizwa: ikiwa damu ni najisi, je, haitayatia najisi maji wanayooga wengine? Jawabu ni kuwa Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya maji ya bahari, naye akabainisha kuwa ni twahara. Na wanavyuoni wetu wamesema kuwa maji yakifika kullatein, nayo ni kadiri ya lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu hayakubadilika rangi wala tamu wala harufu. Ikiwa hii ndiyo hukumu ya pipa moja kubwa, itakuwaje Bahari ya Hindi? Na hodhi za kuogelea za mahoteli na za skuli pia zazidi kullatein mara nyingi.

Lakini adabu ni sehemu ya dini. Mtume amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama, kisha akaoga humo. Kwa hivyo anayeingia hodhini na ajihifadhi barabara ili asiwaudhi wenziwe, na baharini pia kujihifadhi ni bora kwa stara yake mwenyewe.

VITU VYA KUJIHIFADHIA

Kila zama zina vyombo vyake. Bibi zetu walitumia sodo za vitambaa, wakazifua na kuzianika. Leo kuna pedi za madukani na vinginevyo. Twavitaja kwa kuwa binti asiyeelezwa na mamake huelezwa na asiyejua.

Kwanza, pedi. Pedi haifai ndani ya maji, kwani hunywa maji ya bahari ikavimba, ikaacha kunata, na kisha haizuii damu. Avaaye pedi na aivue kabla ya kuingia, na awe na nyingine kavu ya kuvaa atokapo.

Pili, tamponi, nayo ni pamba iliyoshindiliwa iingizwayo ndani. Hii huzuia damu majini. Sharti zake ni kuosha mikono kabla na baada, kuchagua ndogo itoshayo, na kuibadilisha kila baada ya saa nne hadi nane, wala isipitishwe hapo. Iachwapo muda mrefu yaweza kuleta maradhi ya sumu ya bakteria katika damu, ambayo ni nadra lakini ni makali. Akipata homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu au vipele mwilini, aitoe mara moja na apelekwe hospitali.

Tatu, kikombe cha hedhi, kitengenezwacho kwa mpira laini. Hiki hukusanya damu, na chaweza kukaa hadi saa kumi na mbili. Humwagwa, kikaoshwa kwa maji safi, na mwezi ukiisha huchemshwa. Mwenye uwezo mdogo atakiona ni nafuu, kwani kimoja hutumika kwa miaka.

Nne, ziko nguo za ndani na za kuogelea zilizotengenezwa kunyonya damu. Hizi hufaa siku za damu chache.

Huulizwa na akina mama: je, tamponi au kikombe havimwondolei msichana ubikira? Katika sharia, ubikira huondoka kwa kuingiliwa. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa aliyeondokewa na kile kizinda pasina kuingiliwa, kama kwa kuanguka, hukumu yake yabaki hukumu ya bikira. Basi mzazi asimtuhumu mwanawe, wala mtu yeyote asimtuhumu binti ya mwenziwe. Hata hivyo, binti asiyependa kutumia vitu hivyo asilazimishwe. Aingie maji ya magotini na nguo nyeusi, au asubiri siku zake zipite, na wala asiulizwe mbele za watu.

Ama nguo, stara haikusamehewa kwa sababu ya bahari. Lakini buibui na dera pana zikirowa huwa nzito, zikaizinga miguu, na mtu aweza kuzama maji ya kifuani. Nguo ya kuogelea isitiriyo mwili wote wala isibane, yenye rangi ya giza, ni salama kwa roho na kwa stara pamoja. Na doa la damu katika nguo huoshwa kwa maji ya baridi, kwani maji moto hulishikiza. Asma binti Abubakar amepokea kuwa Mtume alimfunza mwanamke aikwangue damu ya hedhi, aifikiche kwa maji, kisha aisalie nguo hiyo. Rangi ikibaki baada ya juhudi, hapana dhara.

DAMU IKIKATIKA HUKO PWANI

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, wala hatari hiyo si ya papa, ni ya sala.

Tumeeleza kuwa damu husimama ndani ya maji pasina kukatika. Basi mwanamke asihukumu kuwa ametwahirika kwa kuwa majini hakuona kitu. Na ajikaushe, ajipime kwa pamba nyeupe. Ikitoka safi, haina wekundu wala umanjano, ametwahirika. Wanawake wa Madina walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha pamba zao, naye akiwaonya wasiharakishe mpaka waone weupe.

Akishathibitisha, josho lamwajibikia. Nguzo zake kwetu ni mbili: nia, na kueneza maji mwili mzima, nywele na ngozi iliyo chini yake. Nia huambatana na sehemu ya kwanza ya mwili inayooshwa. Basi akiingia baharini, akanuia kuondoa hadathi ya hedhi, akajizamisha hadi maji yakamwenea pote, josho lake limeswihi, ijapokuwa yumo ndani ya nguo zake, maadamu maji yapenya. Chumvi haiyatoi maji katika utwahara wake. Misuko ikiwa maji hayafiki ndani yake, aifumue. Rangi ya kucha ifanyayo ganda lazima iondolewe kwanza, pamoja na mafuta mazito ya kujikinga na jua yaliyogandamana. Ama hina haizuii, kwani ni rangi tu. Lakini aliyekuwa akiogelea tangu asubuhi bila ya nia, josho lake halikupatikana, hata akizama mara mia.

Na kinyume chake, aliye bado katika damu asinuie josho la kujitwahirisha, kwani ni kuicheza ibada. Aoge kwa kujisafisha na kujiburudisha. Ama josho la sunna la siku ya Idi hata mwenye hedhi yampendeza kulioga, kwa kuwa ni la usafi na mapambo ya siku hiyo.

SALA ZIDAIWAZO

Mas-ala mawili hughafilikiwa sana, nasi twawaomba wasomaji wayasome kwa utulivu.

La kwanza: mwanamke aliyekatikiwa na damu kabla ya jua kuchwa, hata kama umebaki wakati wa kutosha takbiri moja tu, alasiri yamwajibikia, na adhuhuri pamoja nayo, kwa kuwa sala mbili hizi hukusanywa. Vivyo hivyo aliyekatikiwa kabla ya alfajiri, isha na magharibi zamwajibikia. Mfano wake: binti aliona damu Jumatatu, ikakatika Jumamosi saa kumi na moja za jioni akiwa Shelly Beach. Huyu asingoje kurudi nyumbani usiku, wala asingoje siku ya saba itimie kwa kuwa ndiyo ada ya mamake. Na aoge pale pale, asali adhuhuri na alasiri kabla ya magharibi. Na ikiwa damu itarudi kabla ya siku kumi na tano tangu ilipoanza, atajua kuwa bado yumo hedhini, wala hapana dhambi juu yake.

La pili: aliyeingiwa na hedhi baada ya wakati wa sala kuingia, na ukapita muda ambao angeweza kuisali, sala hiyo ni deni. Mtu ameingia baharini saa saba, adhuhuri imeadhiniwa, akasema nitasali nikitoka. Saa tisa akaona damu. Akitwahirika atailipa adhuhuri ile. Sala za siku zote za hedhi hazilipwi, kama alivyoeleza Bibi Aisha, saumu ndiyo ilipwayo. Lakini hii haikuwa ya siku za hedhi, ilikuwa ya siku za utwahara. Ni wangapi wamebeba deni hili miaka na miaka bila ya kujua, kwa sababu ya mchezo wa saa mbili?

DAWA ZA KUCHELEWESHA HEDHI

Wengine hutaka vidonge vya kuichelewesha hedhi ili siku za matembezi zisiharibike. Asili yake yafaa, kwa sharti la kutodhuru, na anayejua dhara ni tabibu. Viko vidonge visivyofaa kwa mwenye historia ya damu kuganda katika mishipa, au maradhi ya ini, na mengineyo. Basi visinunuliwe dukani kwa ushauri wa jirani. Akivitumia na damu isije, yeye ni twahara, na sala zote ni juu yake. Nasi twaona kuwa kuibadilisha tabia ya mwili kwa ajili ya mchezo wa siku moja hakuna haja, ilhali mlango wa kuoga u wazi.

NENO KWA WAZAZI

Mtu atasema: kuogelea ni upuzi, kuna dhara gani binti akikosa? Ndugu yangu, sisi ni watu wa kuvuka maji. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Twawaombea wote rehema. Wala hatusemi kuwa kila mtu angeokoka lau angejua kuogelea. Lakini ni nani baada ya siku ile awezaye kusema kuwa mtoto wa Likoni, mume au mke, hana haja ya kuyajua maji? Imamu Nasai amepokea hadithi iliyohesabu kujifunza kuogelea miongoni mwa mambo manne yasiyokuwa upuzi. Basi binti anayefukuzwa majini kila mwezi kwa ada isiyo na dalili, kisha akaona haya kurudi, hunyimwa kinga ya roho yake.

Zamani msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, akamfunza kujisafisha na kujistiri. Leo wengi hawana somo, na mama huona haya. Nchi yenyewe imelisema jambo hili waziwazi: Kenya iliondoa ushuru wa thamani katika pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili wasichana waliobaleghe katika skuli za serikali wapewe pedi bure. Bunge limelitamka, itakuwaje mama aone haya kumtamkia mwanawe jikoni mwake? Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao.

Nanyi akina baba, msiulize kwa nini fulani haogi leo, wala msiwaache wavulana wamcheke dada yao. Na siku ya Idi msimwache mwenye hedhi nyumbani: Ummu Atiyya amepokea kuwa Mtume aliamrisha hata wenye hedhi watolewe waende kushuhudia kheri na dua za Waislamu, wakae kando ya mahali pa kusalia. Ikiwa hawakuachwa nyuma siku hiyo, na tusiwaache nyuma sisi tunapokwenda pwani. Mweke binti awe na nguo yake, kitu chake cha kujihifadhia, pamba yake nyeupe na saa yake ya kuangalia sala. Kisha mwache aingie majini na ndugu zake.

Mwenyezi Mungu atufahamishe dini yetu na atuhifadhie watoto wetu. Amin.